Barua ya makao makuu haitoshi: tawi la jumuiya na msamaha wa kodi ya mauzo Marekani

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mweka hazina wa tawi la Houston, Texas, la jumuiya yetu ya Watanzania na marafiki zao. Makao makuu yako Maryland, na yamesajiliwa kama 501(c)(3), yaani shirika la hisani lililosamehewa kodi ya mapato ya serikali kuu. Wametutumia nakala ya barua yao ya IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, pamoja na cheti chao cha msamaha cha Maryland, wakatuambia tuvionyeshe dukani. Kwa sherehe ya Uhuru ya Desemba tulinunua fulana za dola 1,600, tukakodi mahema, meza na viti kwa dola 1,400, na mpishi tukamlipa dola 2,000. Juu ya hizo tukatozwa kodi ya dola 412.50. Muuza fulana aliviangalia vile vyeti akavirudisha. Tawi lina EIN yake (namba ya utambulisho inayotolewa na IRS) na akaunti yake ya benki. Je, tulistahili kulipa? Tunaweza kurudishiwa? Na fulana tunazowauzia wanachama, tuwatoze kodi au la?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Jibu la swali la kwanza halitakufurahisha: muuza fulana alikuwa sahihi. Kwa karatasi ulizompa, alipaswa kukutoza. Lakini si lazima tawi lenu liendelee kulipa hivyo miaka yote. Msamaha mnaweza kuupata, na Texas haidai ada ya kuuomba. Ila kwanza mjue tawi lenu ni nani mbele ya sheria. Hapo ndipo matawi mengi ninayoyasaidia hujikwaa, na hapo nitakaa zaidi.

Sisi tuliokulia nyumbani tumezoea mamlaka moja ya kodi. Tanzania Bara ni TRA, Kenya ni KRA, na kodi unayolipa dukani imekwisha kuingizwa kwenye bei. Marekani serikali kuu haina kodi ya mauzo hata kidogo. Kodi ile ni ya majimbo. Majimbo 45 pamoja na Washington, D.C. yanaitoza, kila moja kwa sheria zake, na chini yake miji na kaunti huongeza asilimia zao. Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon hazina kodi hiyo. Alaska nayo haina ya jimbo zima, ingawa miji yake inaruhusiwa kutoza. Kwa hiyo barua ya IRS mliyotumiwa inahusu kodi ya mapato ya serikali kuu, na haki ya mchangiaji kuuondoa mchango wake kwenye mapato yanayotozwa anapofanya hesabu za kodi yake. Kuhusu kodi ya dukani haimwambii muuzaji wa Houston lolote.

Cheti cha Maryland nacho ni cha Maryland. Kinafanya kazi kwa ununuzi wa kule, kama kibali cha daladala ya Mbagala ambacho hakikupi ruhusa ya kubeba abiria wa Arusha. Na hata kule Maryland kina mwisho. Vyeti vyao huisha vyote kwa pamoja kila baada ya miaka mitano. Vya awamu iliyopita viliisha tarehe 30 Septemba 2022, na vinavyotumika sasa vinaisha tarehe 30 Septemba 2027. Tazama tarehe kwenye ile nakala mliyotumiwa. Nimewahi kuona tawi likitembea na cheti kilichokufa miaka miwili kabla, na hakuna aliyekisoma, makao makuu wala tawini.

Sasa tuje kwenye tawi lenyewe. Neno "tawi" katika katiba zetu lina maana moja tu: wanachama wa mji fulani wenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mbele ya idara ya kodi, neno hilohilo linaweza kuwa mambo manne tofauti.

La kwanza ni tawi lisilo na uhai wake. Halina EIN yake, pesa zake zimo kwenye akaunti ya makao makuu, na mikataba inasainiwa kwa jina la makao makuu. Tawi la namna hii ni mkono wa mwili uleule. Makao makuu yakiomba na kupata msamaha wa Texas (shirika lililosajiliwa jimbo jingine linaruhusiwa kuomba), mkono nao unanunua kwa msamaha huo, mradi jina la mnunuzi na pesa inayolipa ni vya makao makuu.

La pili ni tawi lenye EIN yake lakini limo kwenye msamaha wa kundi. IRS ina utaratibu, ambao kanuni zake za mwanzo zilikuwa za 1980, unaoruhusu makao makuu kupewa barua moja inayofunika matawi yaliyo chini ya uangalizi wake, na kundi hupewa namba ya tarakimu nne. Hapa tawi halihitaji kuomba 501(c)(3) peke yake. Linahitaji kuwa kwenye orodha ya makao makuu. Lakini angalia: Juni 2020 IRS ilisimamisha kwa muda kupokea maombi mapya ya makundi huku ikiandika upya kanuni hizo. Kwa hiyo kama makao makuu yenu hayakuwa na barua ya kundi kabla ya hapo, wasijenge mpango juu ya njia hii kabla ya kuthibitisha na IRS wenyewe.

La tatu ni tawi ambalo ni shirika kamili. Limesajiliwa kwa Secretary of State wa Texas (ofisi ya jimbo inayosajili mashirika), lina bodi yake, na limeomba 501(c)(3) lake. Na makao makuu linahusiana nayo kwa jina, katiba na mapenzi tu.

La nne, nadhani, ndilo lenu, na kwa uzoefu wangu ndilo lililoenea zaidi katika jumuiya zetu. Tawi lilitaka akaunti ya benki, benki ikadai EIN, mtu akaingia kwenye tovuti ya IRS akaipata kwa dakika chache bila malipo, akaunti ikafunguliwa. Kuanzia siku hiyo kila mtu akaamini kwamba tawi limo ndani ya 501(c)(3) ya makao makuu. Halimo. EIN ni namba ya utambulisho tu, hata muuza maandazi anaipata. Mlipojitenga kwa EIN na akaunti, bila kuwa kwenye msamaha wa kundi na bila kuomba wenyewe, mlizaa mtu mpya ambaye hana msamaha wowote, wa IRS wala wa Texas. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri, na barua ya makao makuu kwa tawi la aina hii ni nguo ya kuazima. Hata wanaowachangia wakiamini watapunguziwa kodi wako hatarini, na hilo ni zito kuliko dola 412 za sherehe.

Kabla hujakimbilia kujaza fomu, kaa na kamati mjiulize swali moja ambalo jumuiya zetu hulikwepa: pesa zetu huenda wapi hasa? Jumuiya nyingi za Waswahili hapa zilianza kwa msiba. Mtu alifariki Dallas au Minneapolis, watu wakachanga kusafirisha mwili, kisha wakasema tusisubiri mwingine, tuwe na mfuko. Ni jambo jema, na ndilo lililotuunganisha. Lakini mfuko wa kufa na kuzikana unaowalipa wanachama waliolipa ada, na kumwacha asiye mwanachama, kwa macho ya IRS ni watu kusaidiana wenyewe kwa wenyewe. 501(c)(3) inataka kazi inayoufaa umma: elimu, kusaidia wasiojiweza, dini, utamaduni uliofunguliwa kwa kila mtu. Klabu ya wanachama kufurahi pamoja nayo ina kifungu chake, 501(c)(7), kinachoipunguzia kodi ya mapato, lakini Texas haiitambui kwa msamaha wa kodi ya mauzo. Texas inatoa msamaha kwa misingi ya vifungu vya IRS namba (3), (4), (8), (10) na (19). Namba saba haimo. Kwa hiyo, kama kazi yenu kubwa ni sherehe za wanachama na rambirambi za wanachama, msijaze fomu mkajipaka rangi ya hisani. Tenganisheni: mfuko wa rambirambi ukae na akaunti yake na kanuni zake, na kazi za umma, yaani darasa la Kiswahili la Jumamosi, misaada kwa wageni wapya na ufadhili wa masomo, ziwe ndilo shirika linaloomba msamaha.

Tuseme kazi zenu zinafaa. Mna njia mbili za haraka. Ya kwanza ni kurudi nyuma: kufunga akaunti ya tawi, na kuwa mkono wa makao makuu, nayo yaombe msamaha wa Texas. Ni rahisi kwenye karatasi, lakini kila hundi itatoka Maryland, na matawi yenye wivu wa pesa zao hayaipendi. Ya pili ni kusimama wenyewe, na kwa tawi lenye akaunti yake tayari ndiyo ningeichagua. Mnasajili shirika lisilo la faida kwa Secretary of State, fomu 202, ada ni dola 25. Shirika jipya linachukua EIN yake. Kisha mnaomba IRS. Kama mnatarajia kuingiza dola 50,000 au pungufu kwa mwaka na mali yenu haizidi dola 250,000, mnaweza kutumia fomu fupi ya 1023-EZ yenye ada ya dola 275. Fomu ndefu ya 1023 ada yake ni dola 600. Ombeni ndani ya miezi 27 tangu shirika kuanzishwa, maana mkiwahi, utambuzi wa IRS unarudi nyuma hadi siku ya kuanzishwa. Mkichelewa, kwa kawaida unaanzia siku mliyotuma maombi.

Barua ya IRS ikifika, ndipo mnakwenda Texas. Ofisi inayohusika ni ya Comptroller, msimamizi wa kodi za jimbo, na fomu ya msamaha unaotegemea barua ya IRS ni AP-204. Mnaambatanisha barua yote, kurasa zote. Tawi lililo kwenye msamaha wa kundi linaambatanisha barua ya kundi pamoja na barua ya makao makuu inayosema kwamba tawi hili, kwa jina hili hasa, linatambuliwa kuwa chini yao. Jina liwe lilelile herufi kwa herufi kwenye katiba, EIN, akaunti na fomu. Nimeona maombi yakirudi kwa sababu neno "Chapter" lilikuwa kwenye karatasi moja na halikuwa kwenye nyingine. Makanisa na misikiti ina fomu yake, AP-209, na haihitaji kupitia njia ya barua ya IRS.

Mkishakubaliwa, jina la shirika linaonekana kwenye orodha ya wenye msamaha katika tovuti ya Comptroller, na muuzaji yeyote anaweza kulitafuta. Mnapokwenda dukani mnatoa fomu 01-339. Angalia upande. Karatasi hiyo ina sura mbili. Ya mbele ni ya mfanyabiashara anayenunua ili auze, ya nyuma ndiyo ya msamaha. Ya msamaha inataka jina la shirika, anwani, bidhaa mnazonunua, jina la muuzaji, sababu ya msamaha na saini. Haihitaji namba yoyote ili ikubalike, na hilo limeandikwa kwenye fomu yenyewe, kwa hiyo muuzaji akidai "namba yenu ya msamaha" mwonyesheni maandishi hayo kwa upole. Muuzaji anaiweka kwenye faili lake kwa ajili ya mkaguzi. Maduka makubwa na Amazon wana utaratibu wa kusajili msamaha mara moja kwenye akaunti ya shirika. Fungueni akaunti ya shirika kwa kazi hiyo, msitumie ya katibu.

Na pesa? Lipeni kwa hundi au kadi ya shirika, kila mara. Florida na New York zinasema wazi kwamba mnunuzi lazima awe shirika lenyewe na pesa ziwe za shirika. Mtu akilipa kwa kadi yake kisha akarudishiwa na tawi, msamaha hautumiki. Texas nayo haikubali mtu atumie msamaha kwa vitu vyake binafsi. Ninyi jiwekeeni kanuni kali kuliko ya jimbo. Ukiwa mweka hazina utasikia mtu akisema, "Dada, nisaidie hiyo karatasi ninunue televisheni, nitaitumia na kwenye mikutano." Kataa. Fomu ile inamtahadharisha anayesaini kwamba kuitumia vibaya kwa kujua ni kosa la jinai, na ukubwa wa kosa unategemea kodi iliyokwepwa, kuanzia kosa dogo hadi jinai ya daraja la pili. Saini ni yako, jina ni lako. Aliyenunua televisheni hayupo kwenye karatasi.

Sasa turudi kwenye risiti zako, moja moja, kwa sababu zinafundisha. Kodi ya mauzo ya Texas ni asilimia 6.25 ya jimbo, na serikali za mitaa zinaweza kuongeza hadi 2, jumla 8.25, ndiyo iliyowapata Houston. Fulana: dola 132. Mahema, meza na viti: 115.50, kwa sababu kukodi vitu vinavyohamishika hutozwa kama kuvinunua. Ukumbi, kama mngekodi, usingetozwa, maana kukodi jengo si bidhaa. Mpishi: 165, kwa sababu chakula kilichopikwa kinatozwa. Hapa mna njia ya kupunguza gharama hata kabla ya msamaha kupatikana. Mchele, nyama ya mbuzi, vitunguu na bizari kwa pilau havitozwi kodi ya mauzo Texas kwa mtu yeyote, kwa kuwa ni chakula kibichi cha nyumbani. Mkinunua vyakula na akina mama na akina baba wa tawi wakapika wenyewe, kodi inabaki kwenye soda, sahani za karatasi na vijiko vya plastiki. Nimeona matawi yakihangaika kutafuta msamaha wa mchele ambao haukuwa na kodi tangu mwanzo.

Je, sherehe ya Uhuru ingestahili msamaha hata mkiwa nao? Inategemea ilikuwa sherehe ya nani. Ikiwa ni maonyesho ya ngoma, historia na vyakula, imetangazwa na wazi kwa majirani wote, inaingia vizuri kwenye kazi ya elimu na utamaduni. Ikiwa ni chakula cha jioni cha wanachama kwa mwaliko, mimi nisingesaini fomu. Mkaguzi ataangalia kama kitu kilichonunuliwa kinatumika kwa kazi iliyowapatia msamaha, na karamu ya wenyewe kwa wenyewe ni kazi ngumu kuitetea.

Kuhusu kurudishiwa, barua ya Comptroller itaonyesha tarehe msamaha wenu ulipoanza. Ununuzi uliotangulia tarehe hiyo, msiusumbukie. Na kumbuka kwamba Desemba mnunuzi alikuwa tawi la zamani lenye EIN ya zamani, si shirika mtakalolisajili kesho. Kwa hiyo dola 412.50 zihesabuni kwamba zimekwenda. Lakini kwa siku zijazo mjue: mkinunua baada ya tarehe ya msamaha na mkasahau fomu, mnarudi kwa muuzaji na fomu 01-339 na risiti, yeye awarudishie kodi. Asipotaka kuishughulikia, muombeni asaini fomu 00-985 inayowahamishia haki ya kudai, kisha mnadai wenyewe kwa Comptroller. Muda wa kudai kwa kawaida ni miaka minne.

Swali lako la fulana ndilo ambalo watu hawaliulizi, nakushukuru kwa kuliuliza. Msamaha wa kununua na msamaha wa kuuza ni vitu viwili. Shirika lenye msamaha likiuza fulana, kanga au vikombe Texas, linatakiwa kuwa na kibali cha kodi ya mauzo, kumtoza mnunuzi na kuiwasilisha kodi, kama duka lolote. Lakini Texas imeacha mlango mzuri: shirika lenye msamaha linaruhusiwa kuuza bila kutoza kodi kwa siku mbili katika kila mwaka wa kalenda, na kila tawi lake la kweli linaweza kuwa na siku zake mbili. Tawi la kweli maana yake linatambuliwa na shirika lake, lina viongozi waliochaguliwa, linafanya vikao na lina shughuli zake. Kikundi kilichoundwa Ijumaa ili kiuze Jumamosi hakihesabiwi. Siku moja ni saa 24 mfululizo, na siku mbili zinaweza kufuatana. Bei ya kitu kimoja isizidi dola 5,000, isipokuwa vitu mlivyotengeneza wenyewe au mlivyopewa kama mchango na havirudi kuuzwa kwa aliyevitoa.

Kwa fulana zilizoagizwa mapema kuna jambo la kukumbuka. Mkikusanya oda na pesa wiki nzima, kisha mchapishaji akaleta mzigo, siku anayowakabidhi ninyi mzigo ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya mauzo, na oda zote zile zinafunikwa na siku hiyo moja. Lakini zile fulana 15 zilizobaki kwenye boksi, zikauzwa mwezi unaofuata nje ya ukumbi, hizo zina kodi. Na mauzo yawe yenu kweli. Kama ni mfanyabiashara wa kanga aliyeweka meza yake kwenye sherehe na kuwaachia asilimia kidogo, muuzaji ni yeye, na siku yenu haimfuniki. Tiketi za tamasha ziko karibu na hilo: Texas inatoza kodi burudani, ikasamehe inayotolewa na shirika lenye msamaha peke yake kwa faida ya shirika. Mkigawana mapato ya mlangoni na promota, msamaha huo unapotea.

Hoteli za kongamano zina kodi yake, tofauti na ya mauzo. Msamaha wa Texas unaotokana na 501(c)(3) peke yake haufuti kodi ya hoteli, kwa hiyo msiwaahidi wajumbe.

Kwa kuwa jumuiya yenu ina matawi mengine, mpelekee katibu mkuu maneno haya, maana mtu wa Columbus au Seattle akisoma jibu langu la Texas akalitumia kwao ataumia. California haina msamaha wa jumla kwa mashirika yasiyo ya faida, na kodi yake inaanzia asilimia 7.25. Jimbo la Washington (si D.C.) na Georgia vivyo hivyo hazina msamaha wa jumla wa ununuzi. Tawi la huko lisijilaumu likitozwa. North Carolina imekuwa na mtindo wa kulipa kwanza, kisha shirika linalostahili linadai kurudishiwa kila nusu mwaka kwa fomu E-585, kwa hiyo risiti zikipotea pesa nazo zimepotea. Ohio haitoi namba ya msamaha, shirika linalostahili linajaza cheti chenyewe na kumpa muuzaji. Minnesota, kwenye jumuiya kubwa za Afrika Mashariki, ina fomu ST16 ya kuomba na ST3 ya kumpa muuzaji, lakini msamaha wake haufuniki chakula cha mpishi wala malazi. Yaani ile pilau ya dola 2,000 ingetozwa Minneapolis hata kwa tawi lenye karatasi zote. Florida inatoa cheti cha miaka mitano. Na mkibeba fulana kwenda kuziuza kwenye kongamano la jimbo jingine, kule mmekuwa wauzaji wenye meza ndani ya jimbo lao. Ulizeni kibali cha muda kabla ya kusafiri. Hukumu ya 2018 ya Mahakama ya Juu Kabisa ya Marekani iliyoruhusu majimbo kuwatoza wauzaji wa mtandaoni wasiokuwa na duka kwao haiwatishi ninyi kwa mauzo yenu madogo ya intaneti, kwani viwango vyake ni vikubwa, Texas yenyewe ni dola 500,000. Meza ndiyo inayowaweka ndani.

Kitu kimoja cha mwisho, na hiki kimeua mashirika mengi kuliko ukaguzi wowote. Shirika dogo lenye mapato ya kawaida ya dola 50,000 au pungufu linatakiwa kutuma IRS kadi ya kielektroniki ya 990-N kila mwaka, kwa wanaotumia mwaka wa kalenda mwisho ni tarehe 15 Mei. Haina malipo, na inamalizika kwa dakika chache. Ukikosa miaka mitatu mfululizo, msamaha wa IRS unafutwa wenyewe, bila kikao. Juni 2011 IRS ilipotoa orodha ya kwanza ya waliofutwa, yalikuwa mashirika kama 275,000, mengi madogo kama lenu. Ninalijua tawi moja lililofutwa hivyo. Mweka hazina wa zamani alihamia jimbo jingine, barua za IRS zikawa zinakwenda kwenye nyumba aliyokwisha kuihama, na waliofuata waliendelea kutoa fomu za msamaha madukani kwa miaka miwili wakiamini wako salama. Tulikaa nao majira yote ya joto kukusanya risiti na kulipa nyuma. Kwa hiyo anwani iliyoko IRS isiwe ya nyumbani kwako. Iwe sanduku la posta la tawi, na funguo wawe nazo watu wawili.

Kwa kikao chenu kijacho, mwombe katibu mkuu akujibu mawili kwa maandishi: je, makao makuu yana barua ya msamaha wa kundi, na je, tawi la Houston limo kwenye orodha, kwa EIN ipi? Akijibu ndiyo, chukueni barua zote mbili mwende moja kwa moja kwenye AP-204. Akijibu hapana, anzeni na fomu 202, na kuanzia leo hadi barua ya Comptroller itakapofika, kila duka lipeni kodi na kila risiti itunzeni.